Maswali ya Wasomaji: Ni Matuta Gani ya Pwani Yanayofaa Kuendeshea?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Mimi na shemeji yangu tunaishi Portland, jimbo la Oregon, na mwaka huu tumejinunulia pikipiki mbili za magurudumu manne. Si mpya, ila ni nzima. Tunataka kuzipeleka pwani tukaendeshe kwenye matuta ya mchanga. Kazini kila mtu ana lake: mmoja anatutuma Florence, mwingine Winchester Bay, wa tatu anaapa kwamba hakuna kama Coos Bay, na yuko anayetuambia tuyaache yote hayo tushuke mpaka Oceano, California, ambako gari hupita ufuoni kando ya maji. Sisi hatujawahi kuendesha mchangani hata siku moja. Tafadhali tulinganishie, na usitujibu tu kwamba kila mahali pana uzuri wake. — Wa Portland

JIBU: Ndugu yangu, sitakujibu hivyo. Kwa watu wawili ambao hawajawahi kukanyaga mchanga kwa magurudumu, nendeni Florence kwanza, Coos Bay iwe safari ya pili, na Winchester Bay muiweke akiba mpaka mtakapokuwa mnapanda kilima na kugeuka katikati yake bila moyo kupaa. Oceano nitaigusa baadaye.

Lazima ujue kwanza kwamba Florence, Winchester Bay na Coos Bay ni sehemu za eneo moja la mchanga. Linaanza kwenye mto Siuslaw, ambao mji wa Florence umekaa mdomoni mwake, likashuka kusini kiasi cha kilomita 64 hadi karibu na ghuba ya Coos. Bunge la Marekani lililitenga mwaka 1972 liwe eneo la mapumziko la taifa chini ya Idara ya Misitu, na ndani yake waendeshaji wamepewa sehemu tatu tu, ya kaskazini, ya kati na ya kusini. Kwingineko ni kwa waendao kwa miguu, wapanda farasi na ndege, na mipaka hiyo askari wa misitu wanaisimamia kweli.

Ukikata eneo hili kutoka baharini kwenda bara utakutana na mpangilio uleule karibu kila mahali, na mtu akiufahamu ameshajua nusu ya hatari. Kwanza ni ufuo wenyewe. Pili ni tuta refu lililosimama sambamba na bahari, limefunikwa majani makali. Majani hayo yaliletwa kutoka Ulaya na kupandwa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita ili kuzuia mchanga usifukie barabara na midomo ya mito, nayo yakafanya kazi kupita yalivyotarajiwa, hata yakaukatia mchanga wa bara njia yake ya kutoka ufuoni. Nyuma ya tuta hilo upepo ukachimba mpaka kwenye maji ya ardhini, kukabaki bonde tambarare la vichaka na madimbwi. Ndipo yanafuata matuta makubwa yaliyo wazi, kisha msitu wa misonobari na maziwa. Bonde lile la maji ndilo linalomeza pikipiki wakati wa masika yao, yaani kuanzia Novemba: juu panaonekana mchanga mkavu, chini ni uji. Ukiona mahali ni laini kupita kiasi na majani yanaota kando yake, zunguka.

Sasa Florence. Upande huu unafikiwa kwa barabara inayoelekea kwenye ukuta wa mawe uliojengwa kusini mwa mdomo wa mto, na maegesho yapo kadhaa kando yake. Matuta yake ni ya wastani, yamepangana kwa nafasi, na mtu anaweza kuzunguka saa nzima bila kulazimika kupanda pandio lolote la kutisha. Tena kipande cha ufuo kimefunguliwa kwa magari, kwa hiyo mwanafunzi anayo sehemu iliyonyooka ya kuzoea usukani. Ukitaka kulala ukiwa umepakana na mchanga, kambi ya Driftwood II kwa upande wa Siltcoos inaruhusu kuondoka na pikipiki moja kwa moja kutoka kwenye hema. Kambi nyingine mbili zilizo jirani nayo haziruhusu, na watu wengi hugundua hivyo wakiwa wameshalipa. Hifadhi ya jimbo ya Honeyman nayo hufungua njia ya mchangani kutoka safu moja ya kambi yake, lakini ni kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30 tu.

Winchester Bay ni habari nyingine. Hapa ndipo yalipo makubwa yenyewe, vilele vinavyokaribia futi 500 juu ya usawa wa bahari, yaani kiasi cha mita 150, na ndipo wanapokuja wenye injini kubwa na matairi ya nyuma yenye makasia, yale ambayo huchota mchanga kama mtu anayepiga kafi. Kijiji chenyewe kiko hatua chache kutoka mchangani na kinaishi kwa samaki na kwa waendeshaji. Wakati wa kiangazi, hasa siku za tamasha lao, huwezi kusikia hata ndege. Sikatai kwamba ni pazuri. Ukisimama juu asubuhi na mapema unaona bahari upande mmoja na msitu upande wa pili, na katikati hakuna chochote ila mikunjo ya mchanga. Lakini pandio la Winchester Bay halimsamehe anayeachia mafuta katikati ya njia: pikipiki husimama, matairi ya nyuma huzama, na ukijaribu kugeuka ukiwa umesimama kwa ubavu, unabiringika nayo.

Hapo acha nikuungamie kosa langu, ingawa lilinipata upande wa Florence na si huko. Nilikuwa nimekodi pikipiki, nikapanda tuta lililoonekana laini kama mgongo wa nyangumi, nikakusudia kulivuka kwa kasi ileile. Wanaojua bahari wataelewa nikisema upande wa joshini, unakotoka upepo, ulikuwa mteremko mrefu wa taratibu na mchanga mgumu, na upande wa demani, upepo unakoelekea, ulikuwa umekatika kama ukuta. Sijui ni nini kilichonifanya nikaze breki nilipofika kileleni. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa tayari linaning'inia hewani, mchanga ukichuruzika chini yake kama unga unaochekechwa, na pale chini, kiasi cha urefu wa ghorofa mbili, ncha ya msonobari uliofukiwa ilikuwa imetokeza mchangani, imenyooka juu kama mkuki. Nilishuka upande wa nyuma polepole, nikaivuta pikipiki kwa mikono. Tangu siku hiyo kila kilele nisichokijua nakipandia kwa mshazari, nikiwa tayari kugeuka kabla ya kufika juu, na kwanza natazama. Matuta haya huhama. Upepo wa kiangazi hutoka kaskazini magharibi, dhoruba za majira ya baridi hutoka kusini magharibi, kwa hiyo ukuta ulioukuta Julai unaweza kuukuta umegeukia upande mwingine Februari, na kumbukumbu ya safari iliyopita ndiyo inayowaponza wenyeji.

Coos Bay, kwa maana ya sehemu ya kusini kuanzia Spinreel hadi Horsfall, mimi naipenda kuliko zote, na huenda ni kwa sababu sipendi makelele. Mchanga upo wa kutosha, lakini umechanganyika na visiwa vya miti na njia nyembamba zinazopita ndani ya msitu, na kuendesha kwenye njia hizo ni kazi ya akili zaidi kuliko ya injini. Mtu aliyeanzia pikipiki za vumbi kule nyumbani atajisikia yuko kwao. Ubaya wake ni maji: mvua zikikolea, barabara na maegesho ya karibu na ufuo wa Horsfall hufurika, na nimewahi kufika na kukuta bata wanaogelea mahali nilipokuwa nimekusudia kuegesha. Ufuo wa hapo ndio unaoendelea hadi kwenye ulimi wa mchanga ambako meli New Carissa ilikwama mwezi Februari 1999. Kipande chake cha nyuma kilibaki kimesimama majini hadi kilipoondolewa mwaka 2008. Nakitaja ili ujue bahari ya upande huu si ya kuchezea. Ukiendesha ufuoni, jua saa za maji kujaa kabla hujashusha pikipiki kwenye trela.

Kwa kuwa mko Portland, kuna mahali ambapo wenzenu hawakupataja: Sand Lake, katika wilaya ya Tillamook. Ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka kwenu, ilhali Florence ni zaidi ya saa tatu. Ni padogo, na wikendi za sikukuu hujaa hata kibali maalumu huhitajika, lakini kwa Jumamosi ya kawaida ya kujifunza panatosha, na mnarudi nyumbani mkalale kitandani.

Oceano, nayo, nisingeifanya safari ya kwanza, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umbali: ni zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Portland, na mtu hasafiri mbali hivyo akajifunze kuanguka. Ya pili ni kwamba mambo yake hayajatulia. Ni kweli ndiyo hifadhi pekee ya jimbo la California ambako gari linaruhusiwa kupita ufuoni na watu kupiga kambi mchangani kando ya mawimbi, na hilo lina ladha yake. Lakini wakazi wa nyanda za juu zilizo upande ambako upepo huelekea wamelalamika miaka mingi juu ya vumbi linalowafikia, na mwezi Machi 2021 Tume ya Pwani ya California ikapiga kura ya kusitisha uendeshaji huo ndani ya miaka mitatu. Waendeshaji wakaenda mahakamani, na mwaka 2023 jaji akaamua kwamba tume ilivuka mamlaka yake. Kabla ya kulipia kambi, uliza hali ya siku hiyo, pamoja na hali ya kijito cha Arroyo Grande kinachokatiza njia ya ufuoni, maana kikijaa hamvuki.

Kuhusu wakati, chagueni mwisho wa Septemba au Oktoba. Kiangazi upepo huamka kila alasiri na kuwatia mchanga machoni, na kuanzia Machi 15 hadi Septemba 15 baadhi ya fuo hufungwa kwa sehemu ili ndege mdogo wa jamii ya vitwitwi, anayetaga kwenye mchanga mkavu bila hata kujenga kiota cha maana, apate kuatamia. Ndege huyo yuko chini ya ulinzi wa sheria ya taifa tangu 1993. Mayai yake yana rangi ya mchanga kabisa, na anayesema angeyaona kabla ya kuyakanyaga hajawahi kuyatafuta. Oktoba ndege ameshamaliza, umati umepungua, na mvua za mwanzo zimeushikamanisha mchanga, hata pikipiki inatembea kama kwenye udongo. Mchanga ukiwa mkavu, punguzeni upepo wa matairi hadi mpira utandike kidogo chini. Pampu ndogo ya kurudishia upepo iwe garini, si nyumbani.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kijana wangu ana miaka 12 na wajomba zake wanataka kumchukua Winchester Bay. Wanasema mchanga ni laini, mtoto akianguka haumii. Mimi naishi Salem na sijui sheria za huku. Je, niwaruhusu? — Mama Salem

JIBU: Bi Mkubwa, mchanga ni laini kwa anayeuangukia. Kinachoumiza watoto huko ni pikipiki inayowaangukia wao, na gari jingine linalotokea upande wa pili wa tuta.

Sheria ya Oregon haikuachi peke yako katika jambo hili. Mtoto wa umri wake lazima awe na kadi ya usalama, ambayo kwake yeye haitoshi kujibu maswali kwenye intaneti bali ni lazima apitie pia mafunzo ya vitendo mbele ya mwalimu, na akiwa mchangani lazima awepo mtu mzima anayemsimamia, mwenye kadi yake mwenyewe, anayeweza kumsaidia na kumwelekeza mara moja. Wajomba hao waulize kwanza kadi zao ziko wapi. Helmeti ni lazima kwa kila aliye chini ya miaka 18, na kila pikipiki ya magurudumu manne iwe na bendera nyekundu au ya rangi ya chungwa kwenye mlingoti unaofika futi 9 kutoka chini, kwa sababu mlingoti huo ndio kitu cha kwanza ambacho dereva wa upande wa pili wa tuta atakiona. Bila kusahau kibali cha jimbo kinachobandikwa kwenye chombo.

Kipo pia kipimo cha mwili, na hiki unaweza kukifanya mwenyewe uani kwako. Mkalishe kijana kwenye pikipiki atakayopewa. Magoti yake yawe yamekunjika angalau nyuzi 45 miguu ikiwa kwenye vikanyagio, si yamenyooka kwa kutafuta pa kukanyaga. Kisha ashike usukani kama kawaida na anyooshe vidole: kiungo cha kwanza cha kidole chake cha kati lazima kivuke mkono wa breki. Asipofika, pikipiki hiyo ni ya mjomba, wala si yake, hata kama mjomba anasema atakuwa nyuma yake wakati wote.

Akitimiza yote hayo, aende, lakini aende Florence. Winchester Bay kuna vilima ambavyo mtoto huvitazama na kuona kwamba wakubwa wanapanda, naye atapanda.

SWALI: Mzee Mhariri, shikamoo. Nasoma habari za matuta ya Marekani nikiwa hapa Malindi, nami nina kikundi cha vijana wenye pikipiki za kukodisha watalii. Mambrui tunayo matuta, na Shela kule Lamu yapo makubwa zaidi. Kwa nini tusifanye biashara hiyo kwetu? — Kijana wa Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitakutenganishia hizo mbili, maana hazifanani.

Mchanga wa Mambrui una asili moja na ule wa Oregon: kule mito huteremsha mchanga kutoka milimani, bahari ikautawanya na upepo ukaurudisha bara; kwenu kazi hiyo inafanywa na Sabaki, na kila ukivuka daraja lake wakati wa mvua unauona udongo mwekundu ukienda baharini. Kwa hiyo Mambrui hupokea mchanga mpya, na alama za magurudumu huzibwa na upepo. Biashara ndogo yenye njia zilizochaguliwa inawezekana pale, kwa idhini ya wenye ardhi na ya kaunti, mradi msipite ufuoni usiku, kwa kuwa kasa hupanda kutaga gizani, na mradi msipande juu ya majani yanayotambaa kwenye tuta la mbele. Ukiyaua majani hayo, kusi la mwaka mmoja litauhamishia mchanga kwenye vyumba vya watu.

Shela usiiguse. Yale matuta yaliyo nyuma ya kijiji ndiyo tangi la maji la Lamu. Mvua ikinyesha pale haitiririki. Mchanga huinywa papo hapo, nayo hushuka mpaka ikae juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi. Visima vinavyochota tabaka hilo ndivyo vinavyonywesha mji. Matone ya mafuta na oili ya injini hunyonywa na mchanga kama mvua inavyonyonywa, nayo huelekea huko huko. Watalii wako wapeleke Shela kwa miguu, alfajiri, kabla mchanga haujawaka, na pikipiki uziache upande wa Mambrui.